Zimeni mashine, nyangumi ataibuka mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na manahodha wa boti za watalii wa kwetu Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na wapiga picha wenzangu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa nane.

Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa Kizimkazi Mkunguni. Riziki yangu kwa sehemu kubwa ya mwaka iko mjini: harusi, mahafali ya skuli, picha za pasipoti. Lakini ukifika mwezi wa saba narudi shamba, maana ndipo nyangumi wa nundu wanapopita kwetu, na huwa wapo mpaka kiasi cha mwezi wa tisa. Boti moja hunichukua nikae omo, mbele kabisa, na kamera niwapigie wageni. Simu zao hazimwezi nyangumi. Anatoka kijidoa cheusi tu juu ya maji. Mimi nina lenzi ya milimita 300 niliyoinunua imeshatumika, na mfuko wa plastiki wa kuifunika isiingie chumvi.

Siku moja ya mwezi huo wa nane tulipakia wageni sita. Kusi lilikuwa bado linavuma, boti inapanda na kushuka. Tulipofika mwendo wa nusu saa kutoka kijijini tukaona mivuke miwili ya pumzi: mmoja mrefu, na ubavuni mwake mwingine mdogo, kama mtu aliyepuliza unga kiganjani. Mama na mtoto wake.

Wageni wakataka mkia. Kila mgeni anataka mkia, kwa sababu ndiyo picha aliyoonyeshwa kabla hajalipa. Sasa nyangumi hunyanyua mkia anapokwenda kuzama chini sana, na mama mwenye mtoto mchanga mara nyingi hazami hivyo, kwani mtoto hana pumzi ya kukaa chini muda mrefu. Nahodha wetu analijua hilo. Ni mtoto wa ami yangu, si mtu mbaya, na ana watu wa kulisha. Akaongeza kasi ya mashine, akamfuata. Wenzake wakaona tunakoelekea, na robo saa haijatimia tukawa boti nne, mbili nyuma na moja kila upande.

Jicho langu lilikuwa kwenye kamera muda wote, kwa hiyo niliyaona mambo kwa karibu kuliko mtu yeyote mle botini. Niliona matundu mawili ya pua ya mama yakifunguka na kufumba. Niliona makoa meupe yaliyomganda kidevuni. Pezi lake la ubavuni, refu kama mtumbwi, alikuwa amelitandaza chini ya mtoto. Kila boti iliposogea alijigeuza akajitia kati, mtoto akabaki upande wa pili. Tukizunguka, naye anazunguka. Mtoto akawa anaibuka haraka haraka. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, kaibuka, nikahesabu mpaka tisa, kaibuka tena.

Nilipiga picha zaidi ya mia tatu, na moja ilitoka nzuri sana. Ikawekwa kwenye ukurasa wa boti, watu wakaisifu, nami nikalipwa. Lakini kabla ya kuitoa niliikata pembezoni, kwa sababu boti tatu zilikuwa zinaonekana. Aliyeitazama alidhani bahari ilikuwa tupu na nyangumi amekuja mwenyewe kutuamkia. Hilo ndilo linaloniuma, Mhariri. Sikuwafukuza mimi nyangumi wale, ila picha yangu ndiyo itakayomtoa mgeni mwingine kwao aje kudai mkia, na nahodha mwingine aongeze kasi ya mashine.

Watu wa kwetu huniambia: mnyama mkubwa kama yule, tani ishirini na zaidi, boti ya faiba itamfanya nini? Nawajibu hivi. Mama yule kwetu hali kitu. Chakula chake kiko kwenye bahari za baridi kule Antaktika, na huku joto amekuja kuzaa na kunyonyesha tu. Miezi yote hiyo anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, na mtoto anaishi kwa maziwa yanayotoka kwenye mafuta hayohayo. Mtoto huzaliwa na urefu wa kiasi cha mita 4, na asipopata nguvu hapa hataiweza safari ya kurudi, ambayo ni ya maelfu ya kilomita. Kila anapokimbizwa, mama anachoma kilicho cha mtoto. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha huku hana cha kutia mdomoni atanielewa bila ya maelezo mengi.

Na si kwamba jambo hili ni geni kwetu. Pomboo wetu tumeshawaona. Watafiti walikaa Kizimkazi miaka, wakawafuatilia mmoja mmoja kwa picha za mapezi ya mgongoni, na wakaandika kwamba boti zikiwaandama pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakawa ni watu wa kusafiri tu. Baba yangu alikuwa mvuvi, na zamani wao walikuwa wakiwaua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa. Wakaacha miaka ya 1990, watalii walipoanza kuja na ikaonekana pomboo aliye hai analeta riziki zaidi, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ndiyo bahari yetu hii, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wazee wale waliacha kazi waliyoizoea. Sisi tunashindwa kuzima mashine kwa nusu saa?

Maana kuzima kunalipa. Wiki mbili baada ya siku ile nilitoka na mzee mmoja ambaye hapendi haraka. Yeye huwatazama membe kwanza, wale ndege wa bahari. Wakiwa wanapiga mbizi pamoja anasema hapo pana dagaa, na anapita mbali asiwatawanye. Tulipoona mvuke, aliielekeza boti ubavuni mwa nyangumi, si mbele wala nyuma yake, akapunguza mwendo, na kama mita mia mbili hivi akazima kabisa. Akawaambia wageni kwa Kiingereza chake: subirini. Mmoja alianza kunung'unika, akanyamaza. Ilipita dakika ishirini nzima. Tulikuwa tunasikia maji yakigonga mbao za sakafu, na turubai likipigwa na upepo.

Akaibuka karibu yetu, mwenyewe. Pumzi yake ilitufikia usoni, na ina harufu, kama samaki aliyelala. Akapumua mara nne bila ya papara, akakunja mgongo, na mkia ukapanda wote juu ukichuruzika maji, upande wa chini umetuelekea, mweupe wenye mabaka meusi. Mabaka yale hayafanani kwa nyangumi wawili. Ni kama alama ya kidole, na wataalamu huyatumia kumtambua nyangumi aliyepigwa picha huku akaonekana tena bahari nyingine. Pale alipozama maji yakabaki duara laini kama yamemwagiwa mafuta. Nilipiga picha kumi na moja tu. Sikuikata hata moja.

Naomba niseme na la ndege, kwa ufupi. Kwenye mafungu ya mchanga, maji yakitoka, membe husimama kwa mamia wakipumzika, wote wameelekea upepo. Pamoja nao huja ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga huko pwani za Uarabuni na Somalia na kuja kwetu kutafuta maisha. Nimewaona mabaharia wakiruka kwenye fungu wakipiga makofi ili ndege waruke wote pamoja, mgeni apate picha ya mbawa. Tafadhali tuache. Na wanaokwenda mbali kuvua hadi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mbali, wajue kwamba ndege wa bahari kule hutaga juu ya ardhi tupu. Ndege akifukuzwa, yai linabaki juani.

Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kwamba mambo haya yaandikwe kwenye leseni ya boti, na awepo mtu wa kuyasimamia baharini, asikae ofisini. Afrika Kusini chombo kisicho na kibali maalumu hakiruhusiwi kumsogelea nyangumi chini ya mita 300. Sisi tukianza na mita 100 mashine ikiwa imezimwa, boti mbili tu kwa wakati mmoja, na mama mwenye mtoto asifuatwe kabisa, si haba. Wenye hoteli nao wasimuahidi mgeni mkia, wala kuogelea naye, bali wamwambie mapema kwamba atasubiri. Mgeni aliyeambiwa kabla hajapanda boti halalamiki, nimeshuhudia.

Na ninyi wapiga picha wenzangu, mkiikata boti kwenye picha, andikeni kwamba ilikuwepo. Picha yangu ile nimeiondoa, ingawa najua imeshazunguka kwenye simu za watu.

Nimezungumza na mtoto wa ami yangu. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya muda, halafu akaniambia, "Dada, mimi nitazima. Lakini nikizima peke yangu, wageni wangu watawaona wenzao wako karibu, na watasema mimi ndiye nahodha mbaya." Nikakosa la kumjibu, ndiyo maana nimeandika barua hii.

Mpiga picha,
Kizimkazi Mkunguni, Unguja