YAH: MALALAMIKO, BAFU MLILONIJENGEA LINATOA MAJI MLANGONI

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nimeamua kuandika maana simu zimeshindikana, kila nikipiga naambiwa fundi anakuja kuangalia, anakuja, anaangalia kweli, halafu anaondoka.

Bafu nililoagiza ni la sakafu ya usawa mmoja, halina kizingiti wala beseni la shawa, na sababu mnaijua toka mwanzo kwa sababu iko kwenye fomu yenu: mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Sasa hivi shawa ikifunguliwa maji yanatuama kwenye kona, yakijaa pale yanashika njia ya mlangoni, korido yote chapachapa, na floo trepu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, iko katikati inapata maji kidogo tu kama vile haihusiki. Na fundi wenu ushauri wake eti niweke kizingiti kidogo mlangoni. Kizingiti! Kwa kiti cha magurudumu!

Nimeutoa mchoro wenu nikauangalia vizuri. Una mishale tu inayoelekea katikati, hakuna hata namba moja ya mteremko. Ukiweka tundu katikati sakafu inatakiwa ishuke kutoka pande zote nne, na hiyo inataka marumaru ndogondogo au zile kubwa zikatwe mshazari kufuata mikunjo, nyie mmelaza za sentimita 60 kwa 60 nzima nzima, zitakunjikaje? Mteremko unaoeleweka ni kama sentimita 1.5 mpaka 2 kila mita, mimi nimepima kwa pimamaji, upande wa mlango pako bapa kabisa.

Halafu hesabu ya maji sijui nani aliifanya. Shawa ya juu mliyoniuzia nyie wenyewe imeandikwa lita 20 kwa dakika, ile ya mkononi lita 9, na floo trepu kwenye karatasi yake inameza lita 24, tena hapo ikiwa safi, haijashika nywele wala sabuni. Zikifunguliwa zote mbili mlitegemea maji yaende wapi?

Na harufu nayo. Trepu inatakiwa ibaki na maji ya kama milimita 50 ndani ndo izuie hewa ya bomba, mliyoweka ni fupi kwa sababu, kwa maneno ya fundi wenu, "kina hakikutosha". Kina si ndo kinapangwa kabla ya kumwaga zege? Bomba la mita 3 kwa sentimita 2 kila mita linashuka sentimita 6, hapo trepu bado hujaihesabu, hiki kitu mtu anakijua mapema akiwa na penseli tu.

Msije tena na habari ya kurudia grauti, ile ya kujazia kati ya marumaru. Grauti haizuii maji jamani, kinachozuia ni wotapurufu, tabaka la kuzuia maji chini ya marumaru, ile inayopanda ukutani na kushikana na shingo ya floo trepu, na mteremko mbovu hautibiwi kwa kupaka juu.

Ninachotaka ni sakafu ivunjwe kwa gharama zenu, uwekwe mfereji mrefu wa kutolea maji sakafuni, kando ya ukuta ulio mbali na mlango, sakafu yote ilale kuelekea huko, hapo hata marumaru kubwa zinakubali. Mfereji na bomba viweze kubeba shawa zote mbili kwa pamoja, na trepu ifunguke kwa juu ili nywele zitolewe bila kumwita mtu. Wotapurufu ikikauka mzibe tundu, mjaze maji, yakae saa 24 nikiwa naona, ndo marumaru zilazwe.

Mchoro mpya naomba niupate kabla hajaja mtu na nyundo, na uwe na namba za mteremko na kina cha bomba. Malipo ya awamu ya mwisho hayatoki mpaka hayo maji ya majaribio yakae bila kupungua.

Mteja wenu