Na sisi tulioumizwa utotoni twende wapi?

Mhariri,

Msichana akibakwa leo hapa Mombasa, kuna pa kumpeleka. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waliodhulumiwa, na tunakumbushwa kila mara awahishwe kabla ya saa 72 kupita ili dawa za kukinga virusi vya Ukimwi zifanye kazi. Huduma hiyo naishukuru kwa dhati. Mimi nawasemea wale ambao saa zao 72 zilipita zamani. Zangu zilipita nikiwa darasa la tatu.

Aliyenifanyia alikuwa jamaa wa karibu, na wakubwa walipojua niliambiwa ninyamaze, nisiuvue nguo ukoo. Sasa nina watoto watatu na kibanda cha kushonea Majengo, na bado nikisikia makubadhi yanakokotwa ukumbini usiku mwili unakufa ganzi, ingawa najua fika ni mume wangu anakwenda kutawadha. Binti yangu akichelewa kidogo tu kurudi madrasa, mikono inatetemeka hata uzi hauingii sindanoni.

Miaka mingi nilidhani ni tumbo. Kituo kimoja cha afya kilinipima presha, kikanipima sukari, kikanipa dawa za vidonda, nikarudi nyumbani na tumbo langu vilevile. Jamaa wakasema nina jini. Nikasomewa, nikanywa kombe, na kisomo sitakibeza, kwa kuwa kilinituliza kuliko vile vidonge. Lakini hakuna aliyeniuliza: mama, ulipokuwa mdogo, kuna mtu aliyekuumiza? Aliyekuja kuniuliza ni mshauri nasaha, binti mdogo kwangu, aliyekuwa amealikwa kwenye chama chetu cha akina mama kuzungumzia mambo mengine kabisa. Nililia mpaka buibui likarowa. Usingizi ulianza kurudi baada ya hapo, pole pole.

Swali lile si geni. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima habari za utoto wao. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso na misukosuko walikuwa katika hatari mara nne hadi 12 zaidi ya kupata sonona, kuzama kwenye ulevi na mihadarati, au kujaribu kujiua. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2010 uliwahoji wanawake wa miaka 18 hadi 24. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa amedhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wale wasichana leo ndio akina mama wa kliniki, walimu wa chekechea, wauza mahamri wa alfajiri.

Naiomba idara ya afya ya kaunti: mwanamke akija kliniki ya wajawazito, au akirudi kila mara na kichwa na tumbo lisiloonekana ugonjwa, aulizwe na habari ya utoto wake. Aulizwe faraghani, mume na mama mkwe wakingoja nje, na anayeuliza awe na pa kumpeleka, kwani kufukua kidonda na kukiacha wazi ni dhuluma nyingine. Nambari ya simu ya bure ya kuwasaidia waliodhulumiwa, 1195, ipo. Lakini anayelala chumba kimoja na watu watano atapigia wapi?

Idara itujibu kupitia gazeti hili: Kisauni, Likoni na Changamwe, ni vituo vipi vyenye mshauri nasaha, na huwapo siku zipi?

Mshonaji, Majengo, Mombasa
Jina nimeomba lihifadhiwe