Wanangu Wenye Kamera za Vifungo

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Leo lakini sikushika kalamu kwa ajili ya salamu. Nimekasirika, na mwandishi wa habari mzee wa miaka 74 akiwakasirikia ninyi waandishi vijana kabla hata ya chai ya asubuhi, jueni jambo limemfika kooni.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa mtaani kwetu aliingia zahanati akijifanya mgonjwa, kamera imejificha kwenye kifungo cha shati. Akamnasa nesi akipokea noti mbili, jumla shilingi 7,000. Jioni ile ile video ilikuwa kwenye simu za watu wote: sekunde 47, na muziki wa kutisha umepigwa chini yake. Kesho yake nesi kasimamishwa kazi. Kijana kapigiwa makofi, na mwenzenu mmoja akamvika jina la “Anas wa Bongo”.

Nilikwenda kumwona yule mama. Alinitolea mfuko wa nailoni uliojaa risiti za duka la dawa, nyingine zimefifia hata wino hausomeki. Glavu, glavu, bomba la sindano, glavu. Anasema zahanati inakaa wiki nzima bila vifaa, basi ananunua kwa pesa yake na mgonjwa anamrudishia. Inawezekana kabisa ananidanganya. Manesi wala rushwa wapo, wengine nimewaandika mimi mwenyewe. Lakini kijana hakumuuliza hata neno moja. Na swali la glavu za serikali zimekwenda wapi, ambalo ndilo lilikuwa stori yenyewe, limebaki kwenye mfuko wa nailoni juu ya meza ya mama wa watu.

Mmemtaja Anas. Haya, tumzungumze.

Anas Aremeyaw Anas, mwandishi wa Ghana anayechunguza maovu kwa kamera ya siri, hakuanza na shanga zile zinazoning'inia kofiani na kumfunika uso. Alianza akiwa kijana wa gazeti dogo la Accra, akaenda kukaa na wachuuzi wa barabarani, akauza karanga katikati ya magari ili aone kwa macho yake jinsi polisi wanavyowakamua. Baadaye akajifanya mwendawazimu, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akaonyesha wanavyoishi mle ndani. Alikuja hata kwetu Tanzania kufuatilia biashara ya viungo vya ndugu zetu wenye ualbino, na filamu yake ikaonyeshwa Al Jazeera mwaka 2011. Obama alipohutubia Accra Julai 2009 alimtaja kwa jina. Na mwaka 2015 akaitikisa nchi: majaji na mahakimu 34 ndani ya video zake, wakidaiwa kuuza haki. Kazi ile ilimchukua kama miaka miwili. Miaka miwili, wanangu, si mchana mmoja na kifurushi cha intaneti.

Ikaja Juni 2018, mambo ya mpira. Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana na mtu mzito CAF na FIFA, akaonekana kwenye kamera za Anas akipokea dola 65,000 kutoka kwa mtu aliyejifanya mwekezaji tajiri. Akajiuzulu, na FIFA ikamfungia. Kwenye wavu ule ule akanaswa jirani yetu, Aden Marwa wa Kenya, mwamuzi msaidizi aliyekuwa ameshachaguliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi. Dola 600. Safari ya Urusi ikafa pale pale.

Mimi mpaka leo hizo dola 600 zinanikera, na sijui nimkasirikie nani zaidi. Mwamuzi hana haki ya kupokea hata dola sita, hilo halina mjadala. Ila kumfuata mwizi mpaka ukamkuta anaiba ni kazi moja. Kuweka pesa mezani, kuacha mlango wazi na kujibanza nyuma ya pazia kuona nani ataingia ni kazi nyingine. Ya kwanza inakuonyesha wizi uliokuwepo kabla hujafika. Ya pili inaweza kukuonyesha njaa tu. Anas mwenyewe anasema kazi yake ni kumtaja mtu, kumwaibisha na kumpeleka jela. Mimi nasema mwandishi akishajipa na kazi ya jela, ajiandae kuulizwa maswali ya hakimu. Na aliulizwa. Alimshtaki mbunge Kennedy Agyapong kwa kumkashifu, na Machi 2023 jaji wa Accra akaitupa kesi, akasema mbinu zake si uandishi wa uchunguzi bali ni ugaidi wa uchunguzi. Miaka miwili baadaye jopo la raia kwenye mahakama ya New Jersey, Marekani, likaona kinyume: kwamba kweli alikashifiwa na mtu yule yule. Mnaona? Hata mahakama hazijapatana juu ya mtu huyu, ninyi mmeshamaliza.

Halafu kuna jambo ambalo hamlisemi mnapoigiza shanga. Shanga zinaficha uso mmoja. Ahmed Hussein-Suale alikuwa kwenye timu ya Anas. Mbunge huyo huyo, Agyapong, alionyesha picha ya Suale kwenye televisheni na kuwahimiza watu wampige wakimwona. Januari 16, 2019 Suale alipigwa risasi ndani ya gari lake, Madina, Accra. Mbunge alikana kuhusika na mauaji. Sisi tukabaki na kijana wa watu kaburini. Nikikumbuka hilo hasira zote zinanitoka, nabaki kuwaonea huruma, maana najua wengi wenu mnatoka nyumbani bila hata kumwambia mtu mnakwenda wapi. Semeni. Mwambieni mhariri, mwambieni mama.

Nirudi kwenye la kwangu, la kumsikiliza mtuhumiwa. Mnaliita kubalansi stori, mnalifanya kwa mstari mmoja wa mwisho: “simu yake haikupatikana”. Miaka ya themanini nilikuwa na stori ya magunia ya korosho yaliyopotea ghalani, na mtunza ghala alikuwa amekwisha mikononi mwangu. Mhariri wangu, Mungu amrehemu, alinirushia makaratasi, yakasambaa sakafuni, akasema: huyu mtu hana mdomo? Nikapanda basi usiku kucha kwa kunung'unika. Mtunza ghala akanitolea daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Kila gunia lililotoka lilikuwa na tarehe, namba ya gari, na sahihi ya penseli ya mkubwa aliyeagiza kwa mdomo. Alikuwa akiwasainisha madereva, na bosi naye akipita anasaini, bila kujua anajifunga. Mtuhumiwa wa stori akabadilika jina na cheo. Kama si lile basi, ningemzika mtu aliyekuwa na ushahidi wote chini ya godoro lake.

Mengine nayataja tu, mtayajaza wenyewe. Hifadhini video nzima, msikate. Someni Sheria ya Makosa ya Mtandao kabla haijawasoma ninyi. Nauli unayompa chanzo chako cha habari si rushwa, lakini chanzo chako akikupa bahasha ya pesa, hiyo ni rushwa. Mtoto asionyeshwe uso.

Nanyi wenye vyombo vya habari msicheke, barua hii inawahusu. Mnamlipa mwandishi wa mkoani kwa stori, nyingine hamlipi kabisa, kisha mnashangaa anakimbilia sekunde 47 zinazoleta watazamaji. Nani atampa miaka miwili ya Anas? Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012 akiwa kazini. Mwandishi mwenzake Azory Gwanda aliondoka Kibiti Novemba 21, 2017 na mpaka leo hajarudi kwa mkewe. Tunavaa fulana zao siku moja ya Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, siku nyingine hatuulizi hata wenzao mikoani wanalala wapi. Na sisi watazamaji je? Nesi tumemtukana mtaa mzima kwa siku mbili. Aliyetakiwa kupeleka glavu hakuna aliyemtafuta jina.

Yule kijana nyumba yangu anaijua, alikuwa akija kuokota maembe. Aje Jumamosi na ile video yote, dakika zote alizorekodi, bila muziki. Mama wa risiti nimeshamwomba, atakuja saa nne. Glavu zinatoka bohari ipi na gari lake linapita siku gani, hilo tutaanza nalo hapo hapo uani, na nauli ya kwenda huko nitatoa mimi.