Mama, safari ya Pemba usiiahirishe tena

Leicester, 16 Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, kazi inaendelea, na baridi imeshaanza kuuma masikio. Hofu yangu ni kwenu, hasa goti lako. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie kila usiku, usiifungie kabatini. Barua hii naiandika kwa mkono kama ulivyonifundisha, kisha naipiga picha na kuituma kwenye simu ya mjukuu wako. Akusomee taratibu.

Dhumuni lake si pesa wala ugonjwa. Nataka kukusimulia filamu, na mwisho nina ombi.

Hapa kwenye nyumba ya wazee tunawawekea filamu sebuleni kila Jumamosi jioni, na juma lililopita zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nikaweka Book Club: The Next Chapter, ya mwaka 2023, ambayo mwenyewe nilikuwa nimeshaiona mara tatu. Niliichagua kwa sababu Diane Keaton, mmoja wa waigizaji wake wakuu, alifariki mwezi uliopita, tarehe 11 Oktoba, akiwa na miaka 79, na wazee wetu tangu siku hiyo walikuwa wanamzungumza. Wanamjua toka ujana wao, toka enzi za Annie Hall ya mwaka 1977 iliyompatia tuzo ya Oscar, alipowafundisha wanawake wa huku kuvaa kofia na tai za kiume bila kumwomba mtu ruhusa.

Hadithi ni ya wanawake wanne, Mama. Mashoga wa tangu ujana, wanaokutana kila mara kusoma kitabu kimoja na kukizungumza, na kwenye mazungumzo hayo kitabu huachwa kando yakaingia maisha yao. Ile filamu ya kwanza ilitoka 2018. Hii ya pili inaanza wakati wa Korona, kila mmoja amefungiwa kwake, wanaonana kwenye kioo cha kompyuta tu. Miaka hiyo imepita juu yao kama ilivyopita juu yetu. Carol, mpishi, amefunga mgahawa wake na mume wake kapata maradhi ya moyo. Sharon, aliyekuwa jaji, amestaafu. Diane, mjane, anayechezwa na Diane Keaton mwenyewe, ana mpenzi mzuri lakini bado anaishi na majivu ya marehemu mumewe, kwani wenzetu wengine huchoma maiti na kuhifadhi majivu. Na Vivian, ambaye maisha yake yote alisema ndoa haitaki, siku wanapoonana ana kwa ana baada ya kule kufungiwa anawanyooshea mkono kuwaonyesha pete.

Hapo wanakumbuka safari ya Italia waliyokuwa wameipanga zamani na haikuwa. Wanaamua kwenda. Roma, Venice, mpaka mashamba ya Toscana. Njiani wanaibiwa mizigo, majivu yakiwemo, gari linawaharibikia, polisi wanawatia mahabusu. Na kitabu wanachosoma safari hii ni The Alchemist cha Paulo Coelho, kile cha kijana mchunga kondoo anayeifuata ndoto yake mpaka Misri, basi kila jambo likiwafika wanaulizana kama ni ishara.

Sasa angalia umri wao, maana hapa ndipo moyo wangu uliposhikwa. Filamu ilipotoka, Jane Fonda anayecheza Vivian, bibi harusi, alikuwa na miaka 85. Themanini na mitano, Mama! Diane Keaton na Candice Bergen walikuwa na 77, na Mary Steenburgen, mdogo wao, 70. Hakuna aliyewekwa pale kuwa bibi ya mtu. Kwenye tamthilia tunazoangalia sisi, mwanamke akishapita hamsini anageuka mama mkwe mkali, au mganga, au bibi anayeingia kutoa nasaha kisha anatoka, hadithi inaendelea na vijana. Hawa wanne ndio hadithi yenyewe. Wanagombana, wanatongozwa, wanacheka hadi wanashikana mabega wasianguke. Sharon kule Venice anakutana na mwanafalsafa aitwaye Ousmane, anayechezwa na Hugh Quarshie, mzaliwa wa Accra, na wanavyotazamana wale wawili wakiwa na mvi zao, nilijikuta natabasamu peke yangu gizani.

Wahakiki wengi hawakuipenda. Walisema ni nyepesi, na ile ya kwanza ndiyo iliyopata pesa, zaidi ya dola milioni 100 duniani kote. Hii haikukaribia hapo. Nakubali baadhi ya maneno yao. Wanawake hawa ni matajiri, hakuna hata mmoja anayeuliza nauli ni kiasi gani, na mambo magumu yanatatuka upesi mno, kama mwandishi alikuwa anaogopa tusihuzunike. Ningependa wakae zaidi kwenye ile huzuni ya Diane. Lakini wepesi wenyewe mimi siuoni kuwa ni kosa. Siku nzima ninawaona wazee wakitajwa kwa dawa zao na kwa namba za vyumba. Saa moja na dakika arobaini na kitu za kuwaona wazee wakicheka ni kitu kizito kwangu.

Kuna mahali, Mama, wanaingia duka la magauni ya harusi. Vivian anajaribu gauni moja baada ya jingine, wenzake wamekaa wanamtazama na macho yamejaa. Nilikuwa nimekaa kando ya bibi mmoja wa miaka 91, ambaye husinzia kabla hata majina ya mwanzo hayajaisha. Safari hii hakusinzia. Alinishika mkono wa sare, akaniambia, "Sisi tulikuwa watano." Kisha akainua mkono wake na kuanza kutaja majina, kila jina akikunja kidole kimoja. Alipomaliza, dole gumba peke yake lilikuwa limesimama. Akalitazama. Akaniuliza kama naweza kurudisha pale kwenye magauni. Nikarudisha. Tulipatazama mara tatu, na wenzake wote sebuleni hakuna aliyelalamika.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nakuwaza wewe na shoga yako wa Pemba.

Nakumbuka ile doti ya khanga mliyogawana siku alipohama kumfuata mumewe. Yeye akachukua kipande kimoja, wewe ukabaki na kimoja. Chako ulikuwa unakifunga kichwani ukikaanga samaki, na mimi nilikuwa najifunzia kusoma maandishi yake. "Wema hauozi." Nilipokuja likizo mwaka juzi nilikiona kimekunjwa chini ya mto wako. Neno la kwanza limeshafutika kwa kufuliwa, limebaki "hauozi".

Safari ya kwenda kumwona naisikia toka niko darasa la nne. Kwanza ilikuwa mpaka tumalize shule. Kisha arusi ya dada. Kisha Baba akaugua, ukamuuguza miaka sita bila kunung'unika. Kisha eda, miezi minne na siku kumi. Eda imekwisha, Mama, na sasa nasikia ni mpaka wajukuu wamalize mitihani. Wale wanne nao walikuwa na "mpaka" zao, na ndiyo maana Italia waliiona uzeeni, lakini waliiona, wote wanne wakiwa hai.

Mwisho wake nitakuhadithia, najua Kiingereza cha filamu kinakuchosha. Vivian anafika mbele ya watu na gauni lake, na palepale yeye na mchumba wake wanakubaliana kwamba wanapendana hivyo hivyo walivyo, ndoa hawaihitaji. Wanaofungishwa ndoa siku ile ni Diane na mpenzi wake, yule mjane aliyekuwa hajui majivu ayapeleke wapi. Sitaki kukuchagulia wewe mume, usije ukanielewa vibaya. Nililia kwa sababu kila mmoja wa wale watatu alikuwa amesimama karibu naye, na uso wake, uso wa Diane Keaton, ulikuwa unawatafuta wao kwanza.

Basi ombi langu ni hili. Nimetuma pesa kwa kaka, ni za nauli ya boti kwenda na kurudi, na nimemwambia asizitumie kwa kitu kingine hata bati likivuja. Atakusindikiza mpaka bandarini. Wajukuu watakaa kwa dada, nimeshazungumza naye, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Shoga yako nimempigia simu mwenyewe. Aliposikia kuwa unakuja alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kama bado unapenda pweza wa nazi.

Nenda sasa hivi, bahari ikiwa shwari, kabla upepo wa kaskazi haujakaza. Chukua ndimu ya kunusa na ukae katikati ya boti, huko hakutikisiki sana. Usimbebee zawadi nyingi ukalemewa na goti. Beba kile kipande cha khanga. Chake bado anacho, nilimuuliza.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani.

Mimi mwanao akupendaye