Niliwauzia majirani miche yenye minyoo. Niwaambie?

Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ganda, hapa Malindi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiotesha miche ya mipapai kwenye viriba na kuiuza shilingi 50 mmoja. Lawama niliyoizoea ni ya mipapai dume, na hapo huwajibu wateja kwamba mbegu haina dirisha la kuchungulia. Safari hii jambo ni zito.

Masika yaliyopita nilipanda mipapai yangu 40 pale nilipokuwa nikilima bamia na nyanya. Ilianza vizuri. Ilipotimiza miezi mitano, jua la saa sita likiwaka majani yananywea kama yamemwagiwa maji moto, jioni yanainuka. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji hadi mtoto akachoka kubeba ndoo. Majani ya chini yakawa manjano, maua machache yaliyotoka yakaanguka.

Nikang'oa mmoja. Mizizi imejaa mafundo, mengine kama punje za mtama, mengine yameungana kama tangawizi. Shemeji yangu alipoyaona akafurahi: "Si vinundu kama vya kunde hivi? Vinarutubisha ardhi!" Nami nikafurahi naye, siku mbili nzima. Bwana shamba alipokuja akakwangua kwa ukucha. Vya kunde hubanduka, na ndani vina rangi ya waridi. Haya hayabanduki, ni mzizi wenyewe umevimba. Akasema ni minyoo fundo, midogo hata jicho haliioni. Huingia kwenye ncha za mizizi, jike huvimba humo humo na kutaga mamia ya mayai, na kwa joto letu la pwani kizazi kipya hutimia kwa kama mwezi mmoja. Mchanga wetu huu ndio inaoupenda, na walioilea ni bamia na nyanya zangu.

Kisha akaniuliza: "Udongo wa viriba unachota wapi?"

Nachota hapo hapo. Sijawahi kuupika kwenye pipa kama alivyonieleza, wala kuuanika.

Tangu masika nimeuza miche kama 200. Wengine walikuwa wapita njia wa kwenda Gede, siwajui. Lakini 30 ilikwenda kwa mama mkwe, na 60 kwa mzee jirani aliyechimba kisima kwa kiinua mgongo chake kwa ajili ya mipapai hiyo. Aliipanda mwezi wa saba. Juzi alinisimamisha njiani kunishukuru, eti ina majani mapana. Nilitazama chini nikajifanya nafunga leso.

Mume wangu anasema ninyamaze, nani atathibitisha imetoka kwangu? Huenda kweli ilikuwamo kwao tangu zamani. Lakini mimi ndiye niliyeuona ule mzizi.

Shemeji naye anataka tung'oe yote tupande matikiti yawahi Ramadhani. Bwana shamba anasema tikiti nalo hushambuliwa na minyoo hiyo hiyo, bora tuloweshe udongo tuufunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6, jua liichome. Shemeji akamuuliza nailoni ya nusu ekari atainunua nani. Hapo simlaumu.

Nishauri. Shamba hili nipande nini kisicholiwa na minyoo hiyo? Na yule mzee, nimwambie sasa mipapai ikiwa bado inampendeza, au ningoje inyauke ndipo nijitokeze? Nikienda, niende na nini mkononi: pesa zake, au mbolea ya mbuzi na mashudu ya mwarobaini ili mipapai ipate nguvu ya kustahimili hadi izae?

Nijibu upesi. Uani nina viriba 80, miche yake ukiitazama ina afya kabisa, na mteja wa Watamu amepiga simu kwamba anakuja Jumamosi.

Muuza miche,
Ganda, Malindi