Risala ya Kamati ya Skuli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Sheha wa shehia yetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazee, wanafunzi na wageni waalikwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwito wetu. Kipande cha mwisho cha njia ya kuja kwetu ni mawe matupu, na anayekuja huku mara ya kwanza huwa hasahau. Umekuja, nasi tumeona thamani uliyotupa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya skuli yetu tutaipitia mbio. Ilianza kwa banda la makuti lililosimamishwa na wazee waliotaka watoto wao wafaidi elimu bila malipo, iliyotangazwa na Mzee Abeid Amani Karume tarehe 23 Septemba 1964. Leo tuna madarasa ya saruji, ofisi ya walimu na tangi la maji. Wengi wa wazee hao wametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mafanikio ni mengi, tunataja machache. Timu yetu ya netiboli imefika nusu fainali ya wilaya na kuipeleka sifa ya skuli hii kila pembe ya Micheweni. Wanafunzi wetu wawili wamechaguliwa kwenda skuli ya vipawa. Klabu ya mazingira imepanda mikoko pwani, na mingi imeshika. Na utoro umepungua sana. Walimu na wajumbe wa kamati wamewafuata watoto mpaka dagoni, kwenye kambi za wavuvi, na kwenye machimbo ya kokoto, wakazungumza na wazee wao, wakarudi nao. Hilo tunajivunia kuliko kikombe chochote.

Lakini, Mheshimiwa, mtoto tuliyemtoa kwenye kokoto tumemrudisha akae wapi? Hapo ndipo penye sababu ya kukualika.

Tunaomba ugeuke kidogo. Kuta mbili unazoziona nyuma ya mkungu ni vyumba viwili vya madarasa. Tulielezwa kwamba wananchi tukiviinua kwa nguvu zetu hadi kwenye linta, paa litaletwa. Tukaona ni maneno ya haki, tukaingia kazini. Wanaume walivunja mawe na kuchimba msingi. Vijana walisomba mchanga kwa baskeli na kwa gari za ng'ombe. Kina mama wanaolima mwani walitoa sehemu ya mauzo yao kununua saruji, na bei ya mwani kila mtu hapa anaijua. Mafundi wa hapa hapa kijijini walijenga bila ya kudai ujira. Linta ikamwagwa, tukasoma dua, tukasubiri paa.

Masika mawili yamepita juu ya kuta hizo. Ukuta usio na paa, Mheshimiwa, hunywa maji kutoka juu. Mvua inaingia kwenye matofali, inakula saruji ya maungio, na nondo zilizoachwa wazi zimeshika kutu. Fundi wetu alizipima mwezi uliopita, akatuambia kwa lugha ya adabu kwamba masika ya tatu hatuthubutu kuyajaribu. Tumezungushia kamba ili watoto wasichezee humo ndani, lakini watoto ni watoto.

Wakati huo huo skuli inakwenda kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, na bado darasa moja linasomea chini ya mkungu. Wakati wa kaskazi kivuli kinatosha. Mvua ikianza, yaani kuanzia Machi hadi Mei, mwalimu hutazama mawingu kabla ya kuandika ubaoni. Likitanda wingu watoto hubanwa kwenye chumba cha wenzao, wanne wanne kwenye dawati, au hurudishwa nyumbani. Mtoto akirudishwa mara tatu, mara ya nne haji tena, na baba yake anayemhitaji dagoni hana wa kumlaumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kumtaja mtu wala kumvunjia mtu heshima. Lakini tutakuwa hatukutendei haki tukikuficha kwamba risala hii si ya kwanza. Mgeni wetu wa mwanzo alituahidi mabati ndani ya wiki mbili, tukampigia makofi. Wa pili alituma watu wakapima, wakapiga picha, wakaandika, tukawapikia chai. Tulipofuatilia tukajibiwa kwamba jambo letu linashughulikiwa. Wa tatu alisema mbele ya wanafunzi hawa hawa kwamba atarudi yeye mwenyewe kufungua vyumba. Waliokuwa darasa la nne siku ile sasa wako la sita, na bado wanatuuliza.

Mbao zimechelewa na bati zimechelewa, hayo tunaweza kuyastahamilia. Kinachotuumiza zaidi ni watu wetu. Siku ya kuchimba msingi uwanja huu ulijaa. Tulipoita watu mwezi uliopita kusafisha mitaro, walikuja wachache, na mama mmoja akatuuliza mbele ya kadamnasi, “Ule ukuta tulioujenga mmeufanyia nini?” Hatukuwa na jibu. Nguvu ya kujitolea ndiyo mali pekee tuliyonayo, na inapungua kila mvua inaponyesha juu ya kuta zile.

Hata hivyo hatujakata tamaa, na ratiba ya masika haya tumeshaipanga. Siku za kazi tumezifuatisha bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, kina mama wako kwenye mashamba ya mwani, kwa hiyo tunakutana maji yanapokuwa mafu, yaani yanapojaa na kutoka kidogo. Maji mafu ya kwanza tunazibua mitaro na kusafisha uwanja. Ya pili tuna siku ya michezo: netiboli, kuvuta kamba, bao kwa wazee, na vyakula vitakavyouzwa na kina mama ili fedha zake zinunue misumari ya bati. Mvua ikishalainisha ardhi, wanafunzi na wazee watapanda mivinje kuzunguka skuli ikinge upepo. Na Jumamosi moja tumeiacha tupu kwenye ratiba. Hiyo ni siku ya kuezeka.

Mahitaji yenyewe, kwa hesabu ya fundi wetu, ni mabati 92 ya mita tatu, geji 28, pamoja na makofia yake. Mbao za kenchi na papi. Na dawa ya mchwa. Mafundi tunao na ujira hawataki. Wa kubeba, wa kupanda juu na wa kupika tunao. Bandarini tutakwenda kupokea sisi wenyewe, ukituambia tu siku.

Na siku ndiyo ombi letu, Mheshimiwa. Ahadi tumepewa nyingi, na kila moja tumeipokea kwa heshima. Safari hii tunaomba tarehe, iwe kabla ya masika kukaza. Kama uwezo ni wa chumba kimoja, tupe tarehe ya chumba kimoja, cha pili tutaendelea kukiombea. Na kama jambo hili haliko ndani ya uwezo wako, tunaomba kwa unyenyekevu utuambie leo, mbele ya wazee hawa, tukabishe hodi mlango mwingine kungali mapema. Jibu hilo pia tutalishukuru, na chakula kiko tayari kwa vyovyote.

Jumamosi tuliyoiacha tupu imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Kitabu cha wageni kiko mezani, Mwalimu Mkuu amekifungua kwenye ukurasa mpya, na kalamu iko juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Skuli, kwa niaba ya wazee, walimu na wanafunzi.