Risala kwa Mgeni Rasmi: Jioni ya Nyimbo za Giovanna Daffini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka ubalozini Roma, viongozi wa jumuiya yetu, wazazi, ndugu na marafiki: itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko na kusafiri hadi huku kaskazini. Kikundi chetu ni cha Waswahili tunaoishi bonde la mto Po. Wengi wetu tunatunza wazee majumbani, wengine wako viwandani na jikoni, na tukitoka kazini tunakutana kuimba. Mwaka huu tuliamua kujifunza nyimbo za mwenyeji wa huku huku, Giovanna Daffini. Kabla hatujaziimba, tunaomba tumweleze.

Giovanna alizaliwa tarehe 22 Aprili 1914 Villa Saviola, kijiji cha Motteggiana, mkoa wa Mantova. Baba yake alikuwa mpiga fidla, na binti alikua akimfuata harusini na katika sherehe za vijijini. Lakini fidla haikujaza chungu. Angali msichana, alijiunga na wanawake waliokwenda kila mwaka kupalilia mpunga Vercelli na Novara. Waliitwa mondine.

Mheshimiwa, wenzetu waliotoka Mbarali na Mwea hawakuhitaji kuelezwa kazi hiyo. Msimu ulikuwa wa siku kama arobaini, kuanzia mwishoni mwa Mei. Wanawake walijipanga safu ndani ya jaruba, maji magotini, migongo imeinama, waking'oa magugu kwa mikono. Mbu juu, ruba chini, mnyapara nyuma yao. Ujira ulikuwa fedha kidogo na kilo moja ya mchele kwa siku. Soga hazikutakiwa kazini, ila kuimba kuliachiwa kwa sababu kuliifanya safu iende pamoja. Basi yale wasiyoweza kumwambia bwana shamba usoni wakayatia wimboni. Mtausikia leo ule unaomwambia bwana mwenye suruali nzuri nyeupe atoe pesa, watu warudi kwao. Ni kichekesho kitupu, na ni madai ya mshahara.

Mwaka 1936 Giovanna aliolewa na Vittorio Carpi, naye mpiga fidla, wakaishi Gualtieri, mkoa wa Reggio Emilia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walizunguka wakitumbuiza, mume na fidla, mke na gitaa. Mwaka 1962, Giovanna akiwa na miaka 48, watafiti Gianni Bosio na Roberto Leydi walimfikia na kinasa sauti. Hapo ndipo nchi ilipoanza kumsikia, na sauti yenyewe haikuwa imelainishwa na mwalimu yeyote: kali, ya kooni, ya mtu aliyezoea kuimba uwanjani.

Miongoni mwa nyimbo alizowaimbia ni "Bella ciao" kwa maneno ya mashamba ya mpunga: msichana anaamka asubuhi, anakwenda jarubani kwenye wadudu na mbu. Juni 1964 aliuimba katika tamasha la Spoleto, kwenye onyesho lililobeba jina la wimbo huo. Wakubwa waliokaa viti vya mbele hawakupendezwa. Wimbo mwingine wa usiku ule, wa kulaani mapigano ya kuuteka mji wa Gorizia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ulizua fujo ukumbini, na mwimbaji wake, Michele Straniero, akashtakiwa kwa kulitukana jeshi.

Kisha mwaka 1965 akajitokeza Vasco Scansani, naye wa Gualtieri, akidai kwamba maneno yale ya mpunga aliyaandika yeye mwaka 1951. Hivyo hadithi kwamba wapiganaji wa msituni waliopambana na mafashisti katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao wimbo huu unajulikana zaidi kuwa wao, waliurithi kutoka kwa wapalizi ikaingia mashaka makubwa, ingawa hadi leo wengi wanaisimulia. Sisi tulibishana sana mazoezini juu ya jambo hili. Mwisho tulikubaliana kuuimba, kwa kuwa Giovanna alisimama jarubani kweli, na hilo Scansani hakulikanusha.

Aliendelea kuimba kwa miaka michache tu. Alifariki Gualtieri tarehe 7 Julai 1969, akiwa na miaka 55. Wakati huo dawa za kuua magugu zilikuwa zimekwisha kuwaondoa mondine mashambani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, barua ya utambulisho kwa Taasisi ya Ernesto de Martino, Sesto Fiorentino, inayohifadhi sauti za waimbaji wa namna hii. Tumejifunza kwa nakala za mtandaoni, na matamshi ya lahaja za huku yanatushinda. La pili, kinasa sauti kizuri kimoja. Baadhi ya bibi tunaowatunza wana miaka tisini na zaidi, na wapo wanaoimba wakivishwa soksi asubuhi. Familia zao tutaziomba ruhusa sisi wenyewe.

Naomba kuwasilisha.